Mlonge, kutoka chunguni hadi kwenye kopo

Mtu wa Dar es Salaam ukimtajia mlonge leo, kinachomjia kichwani huenda kisiwe mboga. Ni unga wa kijani ndani ya kopo la plastiki, au punje zilizofungwa kwenye kijifuko, na muuzaji anayetaja magonjwa akihesabu kwa vidole mpaka vidole vinamwishia. Magonjwa mia tatu ndiyo hesabu inayopendwa. Mti huohuo unaitwa pia mronge na mzunze, na Wagiriama wa Kilifi huuita mzungwi. Kwao bado ni mboga kwanza: majani huchumwa, hupururwa kwenye vijiti vyake, hupikwa na kuliwa na sima. Kati ya ile sima na lile kopo kuna safari ambayo wengi wetu hatukuiona ikifanyika, na ndiyo maana swali la kama mlonge ni salama linapoulizwa hivyohivyo, kwa ujumla, haliwezi kujibiwa. Mlonge wa chunguni umeliwa kwa karne nyingi na watu wa kila umri. Mlonge wa kwenye kopo ni kitu kipya, na historia yake ni fupi yenye matundu. Hoja yangu ni kwamba mapishi ya asili yamebeba maarifa ya usalama ambayo hayakuandikwa popote: sehemu gani ya mti iliwe, kwa kiasi gani, baada ya moto kiasi gani, pamoja na nini. Tulipolihamisha jani kwenye kopo, maarifa hayo yalibaki jikoni.

Asili ya mti huu, Moringa oleifera, ni kaskazini mwa India, chini ya milima ya Himalaya, na hata jina lake la kisayansi limetokana na murungai ya Kitamil. Kusini mwa India kinachothaminiwa zaidi ni maganda mabichi, marefu kama fimbo. Hukatwa vipande vya urefu wa kidole, huchemshwa kwenye mchuzi wa sambar pamoja na dengu na ukwaju, na mlaji huvuta nyama ya ndani kwa meno kisha huweka nyuzi pembeni mwa sahani. Wagujarati waliohamia Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanayaita saragvo na huyapika kwa unga wa dengu. Ufilipino, ambako mti unaitwa malunggay, majani hutiwa dakika za mwisho kwenye tinola, supu ya kuku yenye tangawizi na papai bichi. Wahausa wa Nigeria na Niger wanaujua kama zogale: majani huchemshwa, hukamuliwa maji, kisha hufikichwa na kuli-kuli, yaani mashudu ya karanga yaliyokaangwa na kusagwa, pamoja na vitunguu, pilipili na chumvi. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia hutumia ndugu yake, Moringa stenopetala, mwenye majani makubwa zaidi, anayeota pia kaskazini mwa Kenya. Wao huupanda katikati ya matuta yao ya mawe na kuyapika majani pamoja na madonge ya unga wa mtama. Pwani ya Kenya na Tanzania, tui la nazi ndilo linalofanya kazi inayofanywa na karanga kwa Wahausa.

Majiko haya mengi hayakuwahi kusikiana, lakini yamefikia uamuzi unaofanana. Kwanza, kinacholiwa ni jani, ua na ganda changa. Magome hayapikwi popote. Mzizi hauna chakula chake, isipokuwa kwa Waingereza waliokaa India, ambao waliuona una ukali unaofanana na kiungo cha mzizi walichozoea kula na nyama ya ng'ombe kwao. Waliumenya, wakaukuna na kuula kidogokidogo, na kutokana na tabia hiyo mti ukapata jina lake mojawapo la Kiingereza. Pili, karibu kila mahali jani hupita motoni. Tatu, haliachwi peke yake: lina karanga, nazi, kuku, dengu au nafaka. Nne, kipimo chake ni bakuli la familia, na hakuna mpishi anayesema kutwa mara tatu. Mtu anaweza kudhani mambo haya yamefanywa kwa ajili ya ladha tu, kwa sababu jani bichi lina uchungu na ukali kidogo kama haradali. Ladha imechangia, bila shaka. Lakini ukali huo ndio unaotangaza kemikali zinazoangaliwa leo maabara, jamii ya zile zilizo kwenye kabichi na haradali, na ulimi wa mpishi umekuwa ukizipima muda mrefu kabla ya vyombo vya kisasa.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, na ni pingamizi la watu waliosoma: kupika kunaua vitamini, kwa hiyo unga uliokaushwa kivulini au juisi ya majani mabichi ni bora kuliko mboga. Ni kweli kwa vitamini C, ambayo haivumilii moto wala maji mengi. Lakini mlonge hauliwi kwa ajili ya vitamini C peke yake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani ya kijani hayafyonzwi kirahisi, kwa kuwa hushikwa na viambata vingine vya mmea. Watafiti wa World Vegetable Center huko Taiwan walionyesha, kwa vipimo vya maabara, kwamba kuchemsha majani ya mlonge huongeza kwa kiasi kikubwa chuma ambacho mwili unaweza kukichukua. Vitamini A nayo imo kwenye jani kama rangi inayoyeyuka kwenye mafuta. Bila mafuta sehemu kubwa hupita tu tumboni, na tui au karanga ndiyo mafuta hayo. Anayekamulia ndimu juu ya mboga iliyoiva anarudisha sehemu ya vitamini C iliyopotea, na papo hapo anakisaidia chuma kufyonzwa. Kwa hiyo mpishi wa Kilifi mwenye tui na ndimu hajapoteza sana, na aliyekunywa juisi mbichi asubuhi tumbo likiwa tupu hajapata kama anavyofikiri.

Ni vizuri pia kuzitazama kwa karibu zile tarakimu zilizoupeleka mlonge kwenye kopo. Zinajulikana: vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa, potasiamu mara tatu ya ndizi, protini mara mbili ya mtindi. Zilienea kupitia kazi ya Lowell Fuglie, aliyekuwa na shirika la Church World Service nchini Senegal mwishoni mwa miaka ya 1990, naye alizitegemeza kwenye majedwali ya zamani ya vyakula vya India. Sasa chukua majedwali ya wizara ya kilimo ya Marekani, gramu 100 kwa gramu 100. Jani bichi la mlonge lina vitamini C takriban miligramu 52, na chungwa lina karibu 53. Vitamini A ni mikrogramu 378, karoti 835. Kalsiamu ni miligramu 185, ambayo ni kama mara moja na nusu ya maziwa. Potasiamu ni 337, na ndizi 358. Kwenye ndizi kuna kioja, kwani hesabu ya mara tatu iliipa ndizi miligramu 88 tu, ndizi ambayo sijui ilichumwa wapi. Protini peke yake ndiyo iliyosimama: gramu 9.4, zaidi ya mara mbili ya mtindi wa kawaida. Mboga ya majani yenye protini ya kiasi hicho ni mboga ya kujivunia, na hakukuwa na haja ya kuipamba. Tofauti kati ya majedwali ni ya kawaida, kwa kuwa udongo, msimu na umri wa jani hubadilisha mambo. Tatizo ni kuchagua tarakimu ya juu kabisa na kuiandika kwenye kopo kana kwamba ni ahadi.

Mtetezi wa unga atasema hapo nimelinganisha jani bichi, na yeye anauza lililokauka. Sawa. Jani likikauka maji hutoka na kila kitu hujikusanya: gramu 100 za unga zinaweza kuwa na protini gramu 27 hivi, kalsiamu kama miligramu 2,000 na chuma kama 28. Lakini hakuna anayekula gramu 100 za unga. Kijiko kikubwa kimoja ni gramu nane hivi, na humo kuna protini gramu mbili, kalsiamu miligramu 160 na chuma miligramu mbili na ushee. Bakuli la mboga ya mlonge linaufikia unga huo na kuupita kwa protini, na mlaji ameshiba.

Sasa tushuke kwenye shina na mizizi, maana huko ndiko hatari ya wazi iliko. Gome la mzizi lina alkaloidi, na katika mzizi imetajwa spirokini, ambayo kwa kiasi cha kutosha hugusa mishipa ya fahamu. Dondoo la mizizi limesababisha mimba kuharibika kwa panya wa maabara, na hilo halikuwashangaza waganga wa India, waliokuwa wakitumia mzizi na gome kwa kusudi hilohilo. Hapa lazima niseme jambo linaloonekana kuipinga hoja yangu: mzizi na gome navyo ni vya asili. Asili ina milango miwili, wa chakula na wa dawa, na mambo yaliyoruhusiwa kwenye mlango mmoja yalikatazwa kwenye mwingine. Mganga alitoa gome kwa mgonjwa mmoja, kwa siku chache, kwa sababu maalumu, akijua linakera mwili. Hakuna jamii iliyolifanya kifungua kinywa. Anayesema "babu zetu walitumia mti wote" amesema kweli, ila amechanganya milango, na mchanganyiko huo ndio unaouza unga wa mizizi kama lishe.

Punje ziko katikati, na zinahitaji maelezo marefu kidogo kwa kuwa ndizo zinazotafunwa sana kwetu. Anayetafuna punje ya mlonge, baada ya kuimenya ganda lake lenye mabawa membamba, hukutana na uchungu, kisha akinywa maji huyaona yana utamu usio wa kawaida. Utamu huo umefanya kazi kubwa ya kuuza, kwani mnunuzi huona kitu kimetokea mdomoni mwake na kuamini kitatokea pia kwenye damu. Kazi ambayo punje zimethibitishwa kuifanya vizuri haimo mwilini. Nchini Sudan wanawake walikuwa wakitwanga punje za jamii hii ya miti na kuzitia kwenye maji ya Mto Nile yaliyojaa tope. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn alilichunguza jambo hilo kuanzia miaka ya 1970 na kulifanya lijulikane duniani. Protini ya punje ina chaji chanya, chembe za tope zina chaji hasi, zinashikana, zinakuwa nzito na kuzama, zikiondoka na sehemu kubwa ya vijidudu. Maji ya juu huchotwa, masimbi ya chini humwagwa. Maji hayo hayafai kuwekwa siku nyingi, kwa kuwa mabaki ya punje huwa chakula cha vijidudu vilivyobaki, na bado yanapaswa kuchemshwa. Kitu chenye nguvu ya kukusanya vijidudu kwa namna hiyo, na chenye kemikali kali ambazo kwa kiasi kikubwa zimeonekana kuwa sumu kwa chembe hai za maabara, hakistahili kumezwa kwa kukisia. Wengi wanaozidisha punje huishia kuharisha au kichefuchefu, na muuzaji huwaambia ni sumu inatoka. Maelezo hayo ni mabaya kuliko ugonjwa, maana yanamfanya mtu azidishe pale mwili unapomwambia aache.

Majani yenyewe, kwa upande wa sumu, yana habari njema. Utafiti uliofanywa Ghana na G. A. Asare na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliona dondoo la majani likianza kudhuru chembe za urithi za panya kwenye miligramu 3,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na likiwa salama kwenye 1,000 kushuka chini. Huwezi kuhamisha tarakimu ya panya kwa binadamu kwa kuzidisha tu, lakini unaona umbali uliopo kati ya bakuli la mboga na kiwango cha madhara. Unaona pia kwamba mpaka upo. Chakula hujizuia chenyewe kwa kuwa tumbo hujaa. Vidonge vya dondoo havijazi tumbo, na anayevinywa hana kitu cha kumwambia imetosha.

Hatari nyingine ya kopo haihusiani na kemia ya mti hata kidogo. Mwaka 2016 nchini Marekani watu 33 katika majimbo 23 waliugua kwa bakteria aina ya Salmonela, na uchunguzi ukaufikia unga wa majani ya mlonge, ulioingizwa kutoka Afrika Kusini na kuchanganywa kwenye vinywaji vya lishe. Watu hao hawakudhurika na mlonge. Walidhurika na kinyesi cha ndege au mnyama, au maji machafu, au mikono, mahali fulani kati ya mti na mfuko. Majani hukaushwa yakiwa yametandazwa, mara nyingi sehemu iliyo wazi, hutwangwa, hupakiwa, na mlaji huyakoroga kwenye maji baridi au juisi. Hakuna hatua yenye moto mwanzo hadi mwisho. Mboga ya chunguni inaweza kuchumwa na mikono michafu vilevile, lakini dakika kumi za kuchemka zinalimaliza jambo hilo bila mpishi kulifikiria.

Je, basi unga utupwe? Hapana, na hapa pingamizi la upande wa pili lina uzito. Mti huu hukaa kijani hata jua linapokausha mengine, lakini mjini hakuna mti, na mama mwenye mtoto aliyedhoofu hawezi kusubiri majani ya sokoni. Unga uliokauka vizuri hukaa miezi, ni mwepesi kubeba, na ndiyo sababu mradi ule wa Senegal uliutumia. Lakini kule ulichanganywa kwenye michuzi ya nyumbani, na kopo letu limeutenga na mchuzi. Kijiko cha unga kinachotiwa kwenye uji ungali unatokota, au kwenye maharage yaliyoungwa kwa nazi, kimerudishwa jikoni. Kinachokorogwa kwenye glasi ya maji ya bomba kimebaki kwenye kopo, hata kama kimetoka mti mmoja na kile cha kwanza. Majani ya miti iliyo kando ya barabara kubwa au jirani na jalala yasikaushwe kabisa. Mboga za majani hubeba vumbi na madini ya mahali zilipoota, na kukausha huyakusanya hayo pia.

Kuna eneo moja ambalo hoja yangu ya jikoni inaishiwa nguvu, na ni afadhali kukiri. Bibi aliyekula mlonge miaka themanini bila kudhurika hakuwa anakunywa vidonge vya kisukari asubuhi na vya presha jioni. Desturi iliundwa kabla ya dawa hizo, kwa hiyo haina la kutuambia kuzihusu. Majaribio madogo kwa binadamu yanaonyesha unga wa majani, gramu saba au nane kwa siku, unaweza kushusha sukari ya damu kidogo. Kwa mtu mzima asiye na dawa hilo si neno, bali kwa anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari, vitu viwili vinasukuma upande mmoja, na sukari inaposhuka mno mtu huanguka. Presha ni vivyo hivyo. Kwa panya, dondoo la majani lilipunguza ubadilishaji wa homoni za tezi ya thairoidi, jambo la kuangaliwa na anayetumia dawa za tezi hiyo. Majani ya kijani yana vitamini K, inayopingana na warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa wa warfarini hakatazwi mboga, lakini asianze ghafla vijiko vitatu vya unga kwa siku bila daktari wake kujua.

Kisa cha ARV kinafundisha namna ya kufikiri. Watafiti wa Zimbabwe waliona kwenye maabara kwamba dondoo la mlonge huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi, na hofu ikawa kubwa, kwani watu wengi wanaoishi na VVU walikuwa wakitumia mlonge kwa lishe. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walipima damu za wagonjwa wenyewe waliokuwa wakitumia nevirapini pamoja na unga wa majani, na kiwango cha dawa hakikubadilika kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mwenye kupenda mlonge atalishika tokeo hilo kama ruhusa ya jumla. Ni jibu la dawa moja, kwa kipimo kimoja, kwa wagonjwa wachache, na nevirapini yenyewe sasa imeachiwa nafasi ndogo katika matibabu. Mwenye kuuogopa mlonge naye atashika tokeo la maabara. Lakini chupa ya maabara haina tumbo wala ini zima, na kilichotokea humo ni sababu ya kupima watu, kama walivyofanya.

Kuhusu mimba, ushauri unaotolewa mara nyingi ni wa kukataza mlonge wote, na naona umezidi. Mizizi, magome na punje havina nafasi kabisa kwa mjamzito. Dondoo la majani nalo, kwa vipimo vikubwa, limeharibu mimba za panya, kwa hiyo vidonge na vijiko vya dawa viachwe. Lakini jani lililopikwa kwa nazi ni mboga kama kisamvu na matembele, na mjamzito wa kijijini mwenye upungufu wa damu ukimnyima mboga hiyo hujamlinda. Akishajifungua, desturi ya Ufilipino humpa supu ya malunggay ili maziwa yatoke, na majaribio madogo yaliyofanyika hukohuko yaliona maziwa yakiongezeka siku za mwanzo.

Sheria zetu, kwa bahati, zina milango miwili kama zile desturi. Tanzania Bara, usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Unga uleule ukiandikwa chakula unaulizwa juu ya vijidudu na unyevu. Ukiandikwa dawa unaulizwa juu ya kipimo na madhara. Wauzaji wamegundua neno la kusimama kizingitini: tiba lishe. Kopo lenye neno hilo huahidi kama dawa na huliwa ovyo kama chakula, na mara nyingi halisemi hata limetokana na jani au mzizi. Mambo ya kudai kutoka kwake ni machache: sehemu ya mti, tarehe ya kukaushwa, kwamba unga utiwe kwenye chakula kinachochemka, na kwamba mwenye dawa za sukari, presha, thairoidi au damu aulize kwanza. Hayo yote yanaenea kwenye karatasi ndogo kuliko ile yenye orodha ya magonjwa mia tatu.